Upande wa Nani

Mama mkwe alipofika kutoka Tanga na ndoo yake ya samaki wa kukaanga, mama yangu alikuwa ameshatangulia kutoka Bukoba, ameshachagua kitanda cha dirishani, na ameshamfukuza dada wa kazi jikoni kwa kosa la kumenya ndizi bila kupaka mafuta mikononi. Wote wawili waliletwa na jambo moja: mjukuu anaumwa. Mjukuu mwenyewe, wa kidato cha pili, alikuwa amejilaza kwenye kochi na simu, na maumivu yalimzidi kila alipoitwa kuosha vyombo.

Kuumwa alikuwa anaumwa kweli, nisimsingizie. Chini ya chembe cha moyo palikuwa panamchoma, hasa usiku tumbo likiwa tupu, na asubuhi chai ilimkinai. Hospitali walitaka choo, na jibu likaja kwamba ana Helicobacter pylori, yule bakteria wa vidonda vya tumbo ambaye siku hizi hata duka la dawa la mtaani lina kipimo chake. Nyumbani tulimwita Pailori tu. Daktari aliandika dawa, kisha akaongeza sentensi ambayo, lau angeijua nyumba yangu, angeimeza: "Huyu mara nyingi mtu humpata utotoni, kutoka kwa watu anaoishi nao. Ni vizuri na nyie mpime."

Nilipoyarudia maneno hayo mezani, mama mkwe aliweka kijiko chini.

"Utotoni? Na utotoni nani alikuwa anamtafunia nyama?"

Mwanangu alipoanza kula mimi nilikuwa nimerudi kazini, akalelewa kwa zamu na bibi zake. Meno hana. Bibi anatafuna kipande mpaka kilainike, anakitoa kwa vidole, anamwekea mtoto mdomoni, mtoto anacheka. Vizazi vimelelewa hivyo. Leo watafiti wanakutaja kutafunia watoto miongoni mwa njia zinazoshukiwa kumhamisha Pailori, pamoja na mate, matapishi na maji yasiyo salama. Bibi wote wawili walitafuna. Tatizo ni kwamba kila mmoja alikumbuka meno ya mwenzake tu.

"Mimi nilimpondea ndizi," mama alisema. "Nyama ilitafunwa na watu wengine, mkwe wangu."

"Watu wengine walimtolea samaki miiba, basi. Nyama tuliikuta imeshazoeleka."

Mume wangu alikumbuka ghafla kwamba gari halijafungwa.

Sasa, nina wifi. Ni mtoto wa mwisho wa mama mkwe, anasoma shahada ya uzamili, na ukimwuliza kwenye msiba anasoma nini atakujibu "kemia" ili muendelee na msiba. Ukimwuliza ukiwa na nafasi, atakueleza kwamba kazi yake ni kulinganisha kemia ya utando wa nje wa koo mbalimbali za Pailori: ukoo huu una sukari gani juu ya ngozi yake, ule una mafuta gani, na kwa nini hawafanani. Miaka yote hiyo hakuna aliyemsikiliza. Jioni ile bibi wote waligeuka kumtazama kwa pamoja, nikajua hatapona.

"Wewe si unawajua kwa koo zao?" mama mkwe alimwambia. "Basi tuambie huyu wa mtoto ni wa upande wa nani."

"Hakimu ni binti wa mlalamikaji," mama akaniambia kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani.

Kabla ya hukumu ilibidi tupime. Jumamosi kila mtu alipewa kikopo chake, isipokuwa kaka yangu, yaani mjomba wa mtoto, aliyekuja kukaa kwetu kwa muda mfupi kabla mtoto hajazaliwa na mpaka leo yupo. Yeye alikataa. Alisema tumbo lake ni la chuma, na kwa jinsi alivyokuwa akila hatukuwa na sababu ya kumbishia. Maabara Jumapili imefungwa, na sampuli lazima ikae kwenye ubaridi. Mama mkwe, mwanamke wa haya, hakukubali vikopo vile vionekane na watoto. Alivifunga kwenye mfuko, akaudumbukiza mfuko ndani ya kopo kubwa la siagi lililokuwa tupu, akafunika, akalisukuma nyuma kabisa ya friji, nyuma ya sufuria ya maharage. Hakumwambia mtu. Ilikuwa siri ya heshima.

Kaka alirudi saa sita usiku na mkate.

Nilichokipata baadaye kwa kuunganisha maelezo ya mashahidi ni hiki. Alifungua kopo, kisu kikiwa tayari mkononi. Akakuta mfuko. Akakuta ndani yake vikopo vidogo vimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, "Bibi Tanga", "Bibi Bukoba", na akahitimisha kwamba bibi wamejifichia karanga za kusaga, kila mmoja na zake, kwa uchoyo. Jambo hilo lilimuuma. Akafungua cha Bukoba, kwa kuwa ni mama yake na ana haki.

Mlinzi wa nyumba ya tatu alikuja na rungu. Dada wa kazi alikuwa juu ya stuli anapiga kelele bila kujua sababu, kaka yuko kwenye sinki la nje, mama anadai kikopo chake kifunikwe mara moja, na mama mkwe, kwa kanga mbili na hasira, anauliza nani amempa mtu ruhusa ya kupekua mali zake. Usiku ule ule friji lilimwagwa lote na kusuguliwa kwa klorini. Maharage yalikwenda. Samaki wa Tanga, ambao walikuwa kwenye ndoo yao yenye mfuniko na hawakuhusika kwa lolote, walikwenda. Mama mkwe aliwasindikiza mpaka kwenye pipa.

Majibu ya Jumatatu: Bibi Tanga anaye. Bibi Bukoba anaye. Mimi na mume wangu hatuna, jambo ambalo halikumfurahisha mtu.

Wifi akaketi mezani, akasukuma sahani, akaanza. Niseme ukweli, alieleza vizuri kuliko nilivyotegemea. Bakteria wa jamii ya Pailori wana tando mbili, ya ndani na ya nje, na ile ya nje, upande unaotutazama sisi, imejaa molekuli inayoitwa lipopolisakaraidi. Chini kuna mafuta yaliyozama kwenye utando, yanaitwa lipidi A. Juu yake sukari za kati. Juu kabisa mnyororo mrefu wa sukari unaoelea nje. Mwili wetu umezoea kumtambua bakteria kwa mafuta yale ya chini: ukiyagusa unashtuka, homa inapanda, chembe nyeupe zinakimbilia hapo. Mafuta ya E. koli, ambaye anaishi kwenye utumbo mpana, yana mikia 6 na fosfeti 2. Ya Pailori kwa kawaida yana mikia 4 tu, mirefu zaidi, yenye kaboni 16 hadi 18, na fosfeti moja imenyofolewa, nyingine imebadilishwa kwa kupachikwa fosfoethanolamini. Mabadiliko haya madogo yanaifanya sumu yake iwe hafifu karibu mara 1,000 kuliko ya E. koli. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa naye miaka 50 bila homa hata ya siku moja.

"Mimi sijawahi kupata homa," mama mkwe alisema, kisha akatambua alichosema.

Sukari za juu ndizo zilizomfanya mama asogeze kiti. Kwa Pailori wengi mnyororo ule unaishia kwenye mafundo ya sukari yanayoitwa Lewis x na Lewis y, na mafundo hayo hayo yako kwenye seli za tumbo la binadamu. Ni ndugu wa sukari zinazotugawa kwenye makundi ya damu. Muundo huo uliwekwa wazi katikati ya miaka ya 1990 na Gerald Aspinall na Mario Monteiro wakiwa Kanada, pamoja na Anthony Moran aliyekuwa Galway, Ireland. Mama amekaa kwenye kamati za harusi nyingi, akaelewa kwa haraka: huyu ni mzamiaji aliyekwenda kwa fundi akashona sare ya familia, anapita mlangoni, anapakuliwa pilau, na mwenye harusi akimwona anamsalimia.

"Na sare yenyewe haikai moja," wifi aliendelea. Jeni zinazopachika sukari ya fukosi kwenye mnyororo zina mahali ambapo herufi C imejirudia mfululizo. Bakteria anapojinakili hukosea hesabu hapo. Herufi moja ikizidi au kupungua, jeni inazimika, na vizazi kadhaa baadaye kosa lingine linaiwasha tena. Kwa hiyo ndani ya tumbo moja, ukoo mmoja, wapo wenye x, wapo wenye y, wapo wenye vyote, na wapo walio uchi. Tumbo linachagua nani ashamiri. Wamewahi kuambukizwa kima wa rhesus kwa ukoo mmoja wa Pailori, na baada ya muda sukari za bakteria zikafuata sukari za kima waliyekuwa ndani yake.

"Kwa hiyo nikiwa na Pailori wa mtoto na wenu nyote wawili," alimalizia, "nikiangalia utando wa nje nitawaambia leo wamevaa nini. Wametoka kwa nani, utando hauniambii."

Kimya. Kisha mama mkwe, polepole:

"Tumelipa ada. Mwaka wa kwanza, mwaka wa pili. Hujui ametoka kwa nani?"

Hapo nilimhurumia wifi, kwa sababu kazi ile nimeiona kwa macho. Kidole chake cha shahada kina baka jeupe, mahali fenoli ilipomdondokea. Anawakuza bakteria kwenye sahani za lishe yenye damu, ndani ya hewa ya oksijeni kidogo, kama asilimia 5, kwa siku 3 mpaka 7, na huwezi kuwaambia wasubiri Idi ipite. Kisha anawapika kwenye maji na fenoli ya moto, kati ya nyuzi 65 na 68, anachuja lipopolisakaraidi, anaipitisha kwenye jeli yenye umeme na kuipaka rangi ya fedha. Inatokea michirizi ya kahawia kwenye jeli inayong'aa: ukoo wenye minyororo mirefu unaacha michirizi mingi kwenda juu, ukoo usio nayo unaacha doa chini basi. Kuna wiki alirudi nyumbani anatokwa machozi. Mama mkwe alidhani ni mwanaume, akataka jina lake na kazi anayofanya. Kumbe ukoo mmoja aliopokea ukiwa na minyororo mizuri ulikuwa umeipoteza kwa kuhamishwa hamishwa kutoka sahani hadi sahani, jambo ambalo Pailori hulifanya akikaa sana kwenye lishe ngumu. Mpaka urudishwe kwenye lishe ya majimaji ndipo minyororo inaanza kurejea. Alikuwa analilia michirizi.

Na hapo sijataja kolesteroli. Pailori hana uwezo wa kuitengeneza, kwa hiyo anaichomoa kwenye seli zetu, anaipachika glukosi, na kuiweka kwenye utando wake. Mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba ile glukosi humsaidia asimezwe na chembe za ulinzi. Kolesteroli tupu ikizidi, mwili unamtambua. Wifi alipofika hapo mama mkwe alinyoosha mkono. Yeye ameambiwa na daktari wake apunguze nazi na mafuta.

"Anachukua kolesteroli?"

"Anachukua, mama."

"Basi mimi wa kwangu mniachie."

Ilibidi wifi aeleze kwamba kiasi anachochukua hakionekani kwenye kipimo chochote cha damu, na kwamba Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, lilimweka Pailori tangu mwaka 1994 kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Mama mkwe aliushusha mkono, lakini aliniangalia kwa jicho la mtu aliyenyimwa.

Njia ya kujua ukoo ipo. Unasoma jeni za kazi za kila siku, zile zisizobadilikabadilika kwa kufuata tumbo, na unalinganisha herufi kwa herufi. Kwa njia hiyo mwaka 2003 Daniel Falush na wenzake walionyesha kwamba koo za Pailori zimegawanyika kufuata safari za binadamu, na mwaka 2007 kundi lingine likakadiria kwamba Pailori walitoka Afrika Mashariki pamoja na watu kiasi cha miaka 58,000 iliyopita. Wifi alilisema hili kama faraja.

"Afrika Mashariki," mama mkwe alirudia. "Si ndiko iliko Bukoba?"

"Na Tanga, mama."

"Tanga ni Pwani."

Hata hivyo, kusoma jeni kwa kawaida kunahitaji kumpata bakteria mwenyewe akiwa hai, na hilo linamaanisha kuingiziwa kamera kooni na kunyofolewa vinyama tumboni. Nilidhani hapo kesi imeisha. Mama mkwe alijifunga kanga kiunoni.

"Niingizwe. Ukweli ujulikane."

"Hata mimi," mama alisema papo hapo. "Na mimi niingizwe kwanza, maana nimekuja kwanza."

Wifi alikataa katakata. Vinyama anavyofanyia utafiti vinatoka kwa wagonjwa waliotia saini, majina yameondolewa, kila kimoja kina namba, na kamati ya maadili haijatoa kibali cha kuamulia ugomvi wa wakwe. Mama mkwe alimwuliza kamati hiyo mwenyekiti wake ni nani, pengine anafahamika.

Mimi nilimtetea wifi kwa kumtolea mfano wa Barry Marshall, daktari wa Perth, Australia. Yeye na Robin Warren ndio waliomwotesha Pailori kwa mara ya kwanza mwaka 1982, na walimpata kwa sababu sahani zilisahaulika kwenye joto wakati wa sikukuu ndefu ya Pasaka, ilhali siku zote zilikuwa zinatupwa baada ya siku mbili. Watu hawakumwamini. Mwaka 1984 akanywa bakteria hao mwenyewe, akatapika, tumbo likavimba ndani, na hakuwa ameomba kibali cha kamati wala kumwambia mkewe. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobeli. Nilitaka kuonyesha kwamba sayansi ina taratibu zake. Bibi wote walisikia jambo moja tu.

"Hakumwambia mkewe?" mama aliuliza.

"Na harufu ya mdomo je?" aliuliza mama mkwe. Harufu ilikuwepo, kwa kweli. Wakamjadili mwanaume yule mpaka saa ya taarifa ya habari, na kwa mara ya kwanza tangu wafike walikubaliana.

Dawa, za mtoto na za bibi wote wawili, zilikuwa za siku 14: za kuua bakteria za aina mbili na moja ya kupunguza asidi, asubuhi na jioni, bila kuruka. Zinaacha ladha ya chuma mdomoni. Mama aliongezea juisi ya kabichi, anayoiamini kuliko daktari yeyote, na nikaiacha kwa kuwa haidhuru mtu isipokuwa anayelala naye chumba kimoja, ambaye alikuwa mama mkwe. Mtoto alikunywa dawa kwa usimamizi wa bibi wawili waliokaa pande mbili za glasi. Hakuna kidonge kilichoangukia chini ya kochi. Wiki ya pili alikuwa anaamka mwenyewe kutafuta kiporo.

Kipimo cha marudio hakifanywi haraka. Unasubiri angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibiotiki, na ile ya asidi uwe umeiacha wiki 2, la sivyo kipimo kinaweza kukudanganya kwamba umepona. Bibi wakakataa kuondoka kabla ya majibu. Safari hii walitoa amri kwamba kaka naye apime au ahame, kwa kuwa hatuwezi kujisafisha watu wengine huku mmoja anachovya kila sahani. Vikopo vilikwenda maabara moja kwa moja, asubuhi, kwa bodaboda.

Mtoto hana. Bibi Bukoba hana. Bibi Tanga hana. Mjomba anaye.

Mama mkwe hakumwangalia mama. Aliangalia feni.

"Aliyekuwa akiishi na mtoto tangu anazaliwa," alisema. "Huyu ni mjomba wa upande wa nani?"

"Mwanangu alikuja nyumba hii mzima," mama akajibu, tayari amesimama. "Miaka yote hii nani amekuwa akimpakulia kila likizo? Samaki wa nani?"

"Kipimo cha choo hakisemi nani kampa nani," wifi alianza, "na hata utando wa nje..." lakini mama mkwe alikuwa ameshamnyooshea kidole anyamaze, na mama alikuwa ameshaniita mimi kama shahidi. Wifi alichukua mkoba, akasema ana sahani zinamsubiri, akatoka bila kuaga. Kaka yangu, karatasi ya dawa mkononi, akauliza kama vidonge vinamezwa kabla ya kula au baada, na kama ni baada, jikoni kuna nini.